Taa ya mvuvi wa Tanga na siri ya matabaka yanayooteshwa kwa mvuke

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WAVUVI wa dagaa katika mwambao wa Mkoa wa Tanga, kuanzia Moa wilayani Mkinga hadi Kipumbwi wilayani Pangani, kwa miaka mingi waliitegemea karabai. Katika siku za giza, mwezi unapokuwa haupo, taa hizo ziliwashwa juu ya maji ili kuwavuta dagaa, kisha nyavu zikazungushwa.

Katika miaka ya karibuni nafasi ya karabai imekuwa ikichukuliwa na taa ndogo nyeupe zinazotumia betri, ambazo hujulikana kwa kifupi kama LED. Taa hizo zimeingia pia majumbani, kwenye meza za wauza chipsi na kwenye pikipiki za bodaboda mjini Tanga.

Ni wachache wanaojua kuwa ndani ya kila taa hiyo mna kipande kidogo kama punje ya mchanga, na kwamba juu ya kipande hicho yamepangwa matabaka membamba mno ambayo hayakumiminwa wala kupakwa kwa brashi. Matabaka hayo yaliota yenyewe kutoka katika mvuke, ndani ya tanuru lenye joto la nyuzi 1,000 za Sentigredi.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, nani waliigundua, inahusianaje na mawe ya thamani ya Bonde la Umba mkoani humu, na kwa nini taa mbili zenye sura moja na bei moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Mwanga na mfuko wa mvuvi

Karabai hutumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni gharama ambayo mvuvi huilipa kabla hajajua kama atapata kitu. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa hiyo ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Hatua hiyo iliwabana wachakachuaji, lakini iliwagusa pia wote waliokuwa wakiyatumia mafuta hayo kwa mwanga.

Mradi wa Lumina, uliohusishwa na mtafiti Evan Mills wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, ulifanya majaribio ya taa za LED pamoja na wavuvi wa usiku wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania. Ripoti yake ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa mafuta ya taa yalikuwa yakimeza sehemu kubwa ya kipato cha mvuvi, na kwamba LED zingeweza kushika nafasi ya karabai.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kifizikia. Mwanga wote unaoonekana na jicho hupimwa kwa kipimo kinachoitwa lumeni. Taa ya mafuta yenye utambi hutoa takriban lumeni 0.1 kwa kila wati ya nishati inayoteketea. Balbu ya zamani yenye waya mwembamba hutoa takriban 16, na tyubu lait takriban 70. LED nzuri za sokoni huvuka 100, na katika maabara zimefikia takriban 300.

Nishati nyingine yote katika karabai hupotea kama joto. Kila aliyewahi kukaa karibu nayo chomboni analijua joto hilo.

Aidha, rangi ya mwanga ina maana baharini. Maji hufyonza upesi mwanga mwekundu, lakini ule wa bluu na kijani husafiri mbali zaidi kwenda chini. Mwanga wa karabai umeelemea njano na wekundu, ilhali LED inaweza kutengenezwa kwa rangi inayotakiwa.

Semikondakta ni nini?

Shaba hupitisha umeme vizuri, na mpira hauupitishi kabisa. Kati ya viwili hivyo kuna kundi la vitu viitwavyo semikondakta, ambavyo upitishaji wake wa umeme unaweza kuongozwa kwa kuchanganya kiasi kidogo sana cha kitu kingine. Silikoni ndiyo maarufu zaidi. Nyingine ni nitridi ya galiamu, yaani galiamu iliyoungana na nitrojeni, ambayo ndiyo moyo wa LED za bluu na nyeupe.

Mchanganyiko ukifanywa kwa namna moja, semikondakta huwa na elektroni za ziada. Ukifanywa kwa namna nyingine, huwa na upungufu wa elektroni, na nafasi hizo zilizo wazi huitwa matundu. Pande hizo mbili zikigusana na umeme ukapitishwa, elektroni huangukia katika matundu, na nishati inayoachwa hutoka kama mwanga.

Rangi ya mwanga huo hutegemea kimo cha anguko. Anguko fupi hutoa wekundu na anguko refu hutoa bluu. Kwa hiyo, anayetaka kuchagua rangi hana budi kuchagua kemikali ya tabaka ambamo elektroni na matundu hukutana.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Tabaka hilo la makutano lina unene wa takriban nanometa 3. Unywele wa binadamu una unene wa karibu nanometa 80,000, hivyo matabaka ya namna hiyo zaidi ya 20,000 yangehitajika ili kuufikia. Hakuna kisu, brashi wala roli inayoweza kutandaza kitu kwa wembamba huo na kukiacha kikiwa kimepangika atomu kwa atomu.

Kuotesha kutoka katika mvuke

Njia iliyoleta ufumbuzi ni uoteshaji wa tabaka kwa mvuke wa kemikali, unaojulikana na wataalamu kwa kifupi kama CVD. Wazo lake si geni kwa mtu wa pwani.

Kioo cha karabai ambayo haikuwashwa vizuri hujaa masizi. Masizi hayo ni kaboni iliyotoka katika gesi za mafuta yaliyoungua nusunusu na kutua juu ya kioo. Huko ni kuweka tabaka kutoka katika gesi, ingawa kwa fujo.

Mfano wa pili uko katika mashamba ya chumvi ya mwambao. Maji yanapokauka polepole, chembe za chumvi hujipanga kwa utaratibu na kuwa fuwele zenye pembe zilizonyooka, na fuwele iliyokwisha kuanza huendelea kukua kwa mpango uleule. Maji yakikauka kwa haraka, chumvi hutoka ikiwa laini na isiyo na umbo.

Uoteshaji kwa mvuke unaunganisha mambo hayo mawili. Gesi iliyobeba kemikali hupitishwa juu ya kisahani chenye joto kali. Kemikali huvunjika kwa joto hilo, sehemu inayotakiwa hubaki juu ya kisahani na kujipanga kufuata mpango wa fuwele ulio chini yake, na mabaki huondolewa kwa gesi inayoendelea kupita.

Kwa nitridi ya galiamu, gesi zinazotumika ni mbili. Ya kwanza ni mvuke wa trimethaili ya galiamu, ambamo kila atomu ya galiamu imeshikamana na vikundi vitatu vya kaboni na haidrojeni. Ya pili ni amonia, ambayo harufu yake kali huwakimbiza watu. Zikikutana kwenye joto, galiamu na nitrojeni huungana na kubaki, na gesi ya methani hutoka.

Safari ya miaka mingi

Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round aliona kuwa kipande cha kabidi ya silikoni kilitoa mwanga hafifu umeme ulipopita. Katika miaka ya 1920, Oleg Losev wa Urusi alilichunguza jambo hilo kwa undani. Hata hivyo, LED nyekundu ya kwanza yenye manufaa ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric nchini Marekani.

Mwaka 1968 Mmarekani Harold Manasevit alichapisha matokeo ya kuotesha semikondakta juu ya fuwele kwa kutumia mvuke wa kemikali zenye metali. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa leo na viwanda vya LED duniani.

Rangi nyekundu na kijani hafifu zilipatikana mapema. Bluu ilikataa. Pasipo bluu hakuna mwanga mweupe, na pasipo mweupe LED ingebaki kuwa taa ya kuonyesha kuwa redio imewashwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kisahani cha kuoteshea. Fuwele kubwa za nitridi ya galiamu hazikuwapo, hivyo watafiti walitumia yakuti samawi, ambayo hustahimili joto na amonia. Kwa bahati mbaya nafasi kati ya atomu za yakuti na zile za nitridi ya galiamu zinatofautiana kwa takriban asilimia 16. Ni sawa na fundi kupanga matofali ya upana mmoja juu ya msingi wa matofali ya upana mwingine: baada ya mistari michache ukuta hujaa nyufa.

Katika Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, Profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walifanya majaribio zaidi ya 1,500. Siku moja tanuru lao la zamani lilishindwa kufikia joto la kawaida, na tukio hilo likamfanya Amano afikirie kuweka kwanza tabaka jembamba la nitridi ya alumini kwenye joto la chini. Tabaka hilo lilifanya kazi ya godoro kati ya yakuti na nitridi ya galiamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986, na kwa mara ya kwanza nitridi ya galiamu iliota ikiwa laini na angavu kama kioo.

Tatizo la pili lilikuwa upande wa matundu. Magnesiamu ilichanganywa lakini haikufanya kazi. Mwaka 1989 watafiti hao waliona kuwa tabaka lililopigwa na miali ya elektroni liliamka. Mwaka 1992 Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ndogo ya Nichia katika Mkoa wa Tokushima, alieleza sababu: haidrojeni itokayo kwenye amonia ilikuwa inaishika magnesiamu na kuizuia. Alionyesha kuwa kulipasha joto tabaka katika gesi ya nitrojeni kunatosha kuifukuza haidrojeni hiyo.

Nakamura alikuwa ameanza kujifunza njia ya mvuke mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Florida. Aliporudi alilibadili tanuru mwenyewe, akaongeza mkondo wa pili wa gesi unaotoka juu ili kuukandamiza mvuke ubaki karibu na kisahani. Mwaka 1993 kampuni yake ilitangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali.

Watatu hao, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kabla ya hapo Nakamura alikuwa amelipwa na mwajiri wake yeni 20,000 tu kwa uvumbuzi huo. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana kwa takriban yeni milioni 840.

Ndani ya tanuru, hatua kwa hatua

Kazi huanza na visahani vya yakuti ya kutengenezwa, kila kimoja kikiwa na unene usiofikia milimita moja. Vidogo vina upana wa takriban sentimita 5 na vikubwa sentimita 15 au zaidi. Husafishwa hadi pasibaki vumbi, kwani chembe moja ya vumbi ni mlima ukilinganisha na tabaka la nanometa 3.

Visahani hupangwa juu ya sahani ya grafaiti iliyopakwa kabidi ya silikoni, kisha sahani huzungushwa ili kila kimoja kipate joto na gesi kwa usawa. Haidrojeni au nitrojeni hupitishwa ndani ya chombo chenye kemikali ya galiamu iliyo katika hali ya majimaji, ikabeba mvuke wake na kuupeleka tanuruni.

Kwanza huwekwa tabaka la godoro kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600. Kisha joto hupandishwa hadi kuzidi nyuzi 1,000, na nitridi ya galiamu huoteshwa kwa kasi ya takriban maikrometa 2 kwa saa. Kasi hiyo ni sawa na safu mbili za atomu kila sekunde.

Baada ya hapo gesi ya silani huongezwa kidogo ili kuingiza silikoni, na upande wa elektroni za ziada hupatikana. Halafu joto hushushwa hadi kati ya nyuzi 700 na 800, kwa kuwa tabaka linalofuata lina indiamu, na indiamu hukimbia joto likizidi.

Tabaka hilo lenye indiamu ndilo la makutano. Huwekwa la nanometa 3, likafuatiwa na la nitridi ya galiamu tupu lenye takriban nanometa 10, kisha la indiamu tena, mara kadhaa kama kurasa za kitabu. Indiamu ikiongezeka, rangi huhama kutoka bluu kwenda kijani.

Hatimaye joto hupandishwa na tabaka la magnesiamu huoteshwa juu. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa maikrometa chache, yaani ni membamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara kumi. Kazi nzima huchukua saa kadhaa.

Ni kazi ya hatari. Trimethaili ya galiamu huwaka yenyewe inapogusa hewa, amonia huunguza mapafu na haidrojeni hulipuka. Ndiyo maana viwanda hivyo hujaa vifaa vya kunusa gesi, na mtu haingii ovyo.

Kutoka bluu hadi nyeupe

Kisahani kikitoka tanuruni huwekewa njia za metali za umeme, kisha hukatwa vipande. Kisahani kimoja cha sentimita 5 kinaweza kutoa zaidi ya vipande 1,000 vyenye upana wa milimita moja.

Vipande hivyo hutoa mwanga wa bluu. Ili kupata mweupe, hufunikwa na unga wa njano ambao hufyonza sehemu ya bluu na kuitoa ikiwa njano. Bluu iliyobaki ikichanganyika na njano hiyo, jicho huona nyeupe. Nichia iliingiza sokoni taa za namna hiyo mwaka 1996.

Msomaji anaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Doa la njano linaloonekana katikati ya LED nyeupe ikiwa imezimwa ndiyo dawa hiyo.

Yakuti ya Umba na yakuti ya kiwandani

Mto Umba huanzia katika Milima ya Usambara, hupita kaskazini mwa Mkoa wa Tanga na kuingia Bahari ya Hindi upande wa Kenya karibu na Vanga. Tangu miaka ya 1960, bonde lake pamoja na eneo la Kalalani wilayani Korogwe yamejulikana kwa wafanyabiashara wa vito duniani kwa yakuti zenye rangi nyingi: zambarau, machungwa, kijani, waridi, na nyingine zinazobadilika rangi zikitolewa kwenye jua na kupelekwa kwenye mwanga wa taa.

Kikemia, yakuti hizo na visahani vya LED ni kitu kilekile, yaani oksidi ya alumini iliyojipanga kuwa fuwele. Tofauti iko katika usafi. Yakuti safi kabisa haina rangi, inaonekana kama kioo. Yakuti ya Umba ina rangi kwa sababu ardhi iliichanganyia chuma, titani, kromu au vanadi kwa kiasi kidogo.

Hivyo mchimbaji mdogo wa Kalalani na mhandisi wa kiwanda wanafuata kanuni moja: uchafu kidogo ndani ya fuwele hubadili tabia ya fuwele nzima. Uchafu uleule unaompa mchimbaji bei nzuri ndio unaokifanya kisahani kikataliwe kiwandani.

Ieleweke kuwa mawe ya Umba hayatumiki kutengenezea LED. Viwanda huhitaji fuwele kubwa zisizo na nyufa, na hizo hutengenezwa kwa kuyeyusha oksidi ya alumini katika joto linalozidi nyuzi 2,000 na kuiacha igande polepole. Mfaransa Auguste Verneuil alikuwa ameonyesha njia ya kutengeneza vito vya namna hiyo tangu mwaka 1902, karibu karne moja kabla ya kupatikana kwa soko la taa.

Paneli juu ya bati

Njia hiyohiyo ya mvuke iko pia upande wa pili wa waya, kwenye paneli ya sola inayoichaji betri. Rangi ya bluu ya paneli nyingi za silikoni hutokana na utando wa nitridi ya silikoni wenye takriban nanometa 75 hadi 80, unaowekwa kutoka katika gesi za silani na amonia. Kazi yake ni kuzuia mwanga wa jua usirudishwe nyuma.

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya ilikuwa na soko kubwa la paneli ndogo za wati 10 hadi 14 ambazo silikoni yake yote ilikuwa utando mwembamba uliowekwa kwa mvuke juu ya kioo.

Watafiti Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walichapisha utafiti wao mwaka 2002 wakionyesha kuwa ubora wa paneli hizo ulitofautiana sana kati ya chapa moja na nyingine. Baadhi zilifanya kazi kama zilivyotangazwa, nyingine zilikuwa chini mno, na mnunuzi dukani hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa macho.

Somo hilo lilichangia kuanzishwa kwa mipango ya kupima ubora. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la fedha, IFC, walianzisha mpango wa Lighting Africa, uliopima taa za sola na kutangaza zilizofaulu. Kazi ya upimaji huo sasa hufanywa chini ya jina la VeraSol.

Kwa nini taa mbili zinazofanana hutofautiana?

Hata katika tanuru moja, vipande havitoki sawa. Tofauti ya nyuzi joto chache kati ya ukingo na katikati ya kisahani hubadili kiasi cha indiamu, na rangi hubadilika. Kwa hiyo kila kipande hupimwa na kupangwa katika mafungu kwa rangi, ukali wa mwanga na kiasi cha umeme kinachohitaji.

Mafungu mazuri hununuliwa kwa bei ya juu na watengenezaji wenye jina la kulinda. Yaliyobaki hayatupwi. Huuzwa kwa bei ya chini na kuingia kwenye taa za bei rahisi, ambazo mara nyingi ndizo zinazofika katika masoko yetu. Kwa nje hakuna tofauti.

Jambo la pili ni joto. Ingawa LED haichomi kama karabai, sehemu ya umeme wake bado hugeuka joto ndani ya kipande kidogo sana. Joto hilo lisipoondolewa kwa bamba la alumini, mwanga hufifia na unga wa njano huharibika. Taa iliyofungwa ndani ya plastiki nyembamba bila bamba hilo haiwezi kudumu, hata kama kipande chake kilitoka kwenye fungu la kwanza.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Chumvi hula viungio vya waya na bati la swichi kabla hata ya matabaka ya semikondakta kuanza kuchoka. Taa nyingi zinazosemwa kuwa "zimeungua" baharini zina kipande kizima kabisa. Kilichokufa ni waya.

Tanzania iko wapi?

Hakuna kiwanda nchini kinachootesha matabaka ya LED. Tanuru moja la kisasa ni ghali mno, huhitaji umeme usiokatika, gesi safi kupita kiasi na mafundi waliobobea. Uzalishaji umejikita Asia, hususan China, Taiwan, Japani na Korea Kusini. Hata galiamu yenyewe imekuwa suala la kisiasa: mwaka 2023 China, mzalishaji mkuu, iliweka masharti ya kuiuza nje.

Hata hivyo, elimu ya matabaka membamba si ngeni nchini. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa eneo hilo kwa miaka mingi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden. Wao walitumia njia ya jirani, ambayo atomu hung'olewa kutoka katika bamba la metali na kutua juu ya kioo, badala ya kemikali kuvunjwa kwa joto.

Nuru Mlyuka wa idara hiyo, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, walichapisha mwaka 2009 matokeo kuhusu utando wa oksidi ya vanadi. Utando huo hupitisha joto la jua wakati wa baridi na kulizuia wakati wa joto, lakini kwa kawaida hubadilika kwenye nyuzi 68, joto ambalo dirisha haliwezi kulifikia kwa urahisi. Walionyesha kuwa magnesiamu ikichanganywa, kiwango hicho hushuka na mwanga unaopenya huongezeka. Kwa miji yenye joto kama Tanga, madirisha ya namna hiyo yangepunguza gharama za viyoyozi.

Mambo ya kuzingatia kwa mnunuzi

Kwa mvuvi au mwenye nyumba anayenunua taa leo, elimu hii ina matumizi ya moja kwa moja.

Kwanza, aangalie lumeni, si wati pekee. Wati huonyesha umeme unaoliwa, na lumeni huonyesha mwanga unaotoka. Taa isiyotaja lumeni inaficha jambo.

Pili, apime uzito na kugusa mgongo wa taa ikiwa imewaka kwa nusu saa. Mgongo wa alumini unaopata moto kiasi unafanya kazi yake ya kuondoa joto. Mgongo wa plastiki ulio baridi wakati taa ni ya wati nyingi una maana kuwa joto limenaswa ndani.

Tatu, adai dhamana ya maandishi na aulize kama bidhaa imepimwa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye dhamana ya viwango nchini, na taa ndogo za sola zilizopimwa kimataifa huorodheshwa na VeraSol.

Nne, viungio vya waya vizibwe vizuri dhidi ya maji ya chumvi, na taa isuuzwe kwa maji baridi ya bomba kila baada ya safari. Betri kuukuu zisitupwe ufukweni, kwani risasi iliyomo ndani ya betri nyingi ni sumu kwa watu na kwa samaki walewale wanaotafutwa.

Tabaka la nanometa 3 lililooteshwa vizuri lina uwezo wa kutoa mwanga kwa makumi ya maelfu ya saa, ambayo ni misimu mingi ya giza. Kinachoamua kama mvuvi wa Kigombe au Moa atauona mwanga huo wote ni bamba la alumini, kiungio cha waya na uaminifu wa aliyeandika namba kwenye boksi.